Usawa wa Kijinsia Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka katika mikutano ya msaada wa kisheria iliyofanyika kwenye shehia (maeneo madogo ya utawala) za Pemba na Unguja. Mengine yaliulizwa kwa sauti, na mengine yaliletwa kwenye vikaratasi vilivyokunjwa mara nne na watu ambao hawakutaka kuonekana wakiuliza. Anayejibu ni msaidizi wa sheria, si sheikh wala hakimu, kwa hiyo mwenye kesi iliyokwishafika mahakamani na amwone wakili.

"Jinsi" na "jinsia" vina tofauti gani?

Jinsi ni maumbile: mtu huzaliwa mwanamke au mwanamume. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyatundika juu ya maumbile hayo, kama vile nani apike, nani apande mkarafuu, nani akae barazani jioni na nani apite haraka huku ameinamisha kichwa. Maumbile ni yale yale popote uendapo, lakini yaliyotundikwa hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na mara nyingi hayana mantiki. Hapa kwetu kofia za viua hushonwa zaidi na wanawake, ilhali nguo za wanawake hushonwa zaidi na mafundi charahani wanaume. Tunaambiwa kwamba mwanamke ni kiumbe dhaifu asiyeweza kazi nzito, na papo hapo tunapita barabarani na kuwakuta akina mama wamekaa juani wanaponda mawe kwa nyundo ili wapate kokoto za kuuza. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba kazi ile ni nzito mno kwa mwanamke.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamke na mwanamume, na mwalimu ni mwalimu, awe nani. Lakini likija suala la ndoa, mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mmoja ni mtendaji na mwingine ni mtendwa, hata kama ni yeye aliyemchagua mume na kumngoja miaka mitatu.

Ufeministi ni nini? Je, ni kuwachukia wanaume?

Ni msimamo kwamba mwanamke ni mtu kamili, na kwamba akidhulumiwa kwa sababu ya uanamke wake basi dhulma hiyo iondolewe. Ndani ya msimamo huo wako wengi wanaotofautiana, kama wanavyotofautiana watu wa chama kimoja au wa msikiti mmoja. Wapo wenye ukali wa maneno, lakini chuki si sharti la kuingia. Asiyelipenda neno hilo ana hiari ya kusema "haki za wanawake", na hatutagombana kwa jina.

Lakini si jambo la Wazungu lililoletwa na miradi?

Miradi imeleta fedha, semina na mabango, na ni kweli kwamba baadhi yake huja na maneno yasiyoeleweka hata na wanaoyasema. Madai yenyewe ni ya zamani kuliko miradi.

Chukua jambo moja dogo. Mwanamke wa Kizanzibari akiolewa habadili jina; hubaki binti fulani mpaka kaburini. Mali aliyokuwa nayo kabla ya ndoa hubaki yake, iwe shamba, dhahabu au nyumba. Uingereza ilikuwa mpaka sheria ya 1882 ndipo mke akatambuliwa kuwa na mali yake mwenyewe iliyotengana na ya mumewe. Katika jambo hilo, anayepaswa kusema kwamba amejifunza kutoka kwa mwenzake si sisi.

Kuna pia waliokataa mipaka waliyowekewa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844, na alikulia katika jumba ambamo wasichana walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Siti binti Saad wa Fumba alikuwa akitembeza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Uchaguzi wa Zanzibar wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao. Wanawake walidai, na katika uchaguzi wa 1961 walisimama kwenye foleni za kura. Bibi zetu waliosimama katika foleni zile hawakuwa wamehudhuria semina yoyote.

Tena mkutano mkubwa wa dunia kuhusu wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 ulikuwa chini ya Katibu Mkuu Mtanzania, Gertrude Mongella. Kwa hiyo hata huko nje, mezani tulikuwapo.

Dini inasemaje? Je, kudai usawa si kupinga maumbile na maandiko?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa na wanawake wenyewe kwa hofu ya kweli. Mafundisho ya dini tuwaachie wenye elimu yake. Ninachoweza kusema ni kile ninachokiona katika mafaili.

Katika mafaili, karibu kila mara mwanamke hadai zaidi ya alichopewa na dini. Anadai kile kile. Suratun-Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Tunapokea kesi za mahari yaliyopokelewa na wazee na kumalizikia kwenye shughuli bila bibi harusi kuyaona. Aya ya 7 inasema kwamba wanawake wana fungu katika kilichoachwa na wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kikubwa. Nenda sasa katika mashamba ya mikarafuu. Baba amefariki, kaka wamekaa kimya, na dada aliyeolewa kijiji cha pili anasubiri mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano. Akiuliza, anaambiwa kwamba shamba bado halijagawiwa, lakini karafuu zake zinachumwa kila msimu na kuuzwa. Akiuliza tena, anaitwa mpenda mali.

Kaka hujibu kwamba fungu lake ni maradufu kwa sababu yeye ndiye mwenye wajibu wa kuwatunza. Haya, na tuuchukue wajibu huo kwa uzito unaostahili. Dada ameachwa na amerudi na watoto watatu. Je, kaka amewatunza? Ikiwa amechukua fungu lake, akalizuia la dada, na matunzo hatoi, basi anayeyavunja maandiko ni nani? Sijakutana na sheikh aliyelijibu swali hilo kwa kumtetea kaka. Dada afike katika ofisi ya Wakfu na Mali ya Amana au kwa kadhi mapema, kabla mzee anayejua mipaka ya shamba hajafariki naye.

Mila na dini zimelala kitanda kimoja kwa muda mrefu hata watu hawajui tena mguu huu ni wa nani.

Mke wangu hafanyi kazi, ni mama wa nyumbani tu. Usawa utatoka wapi?

Neno la kuangalia hapo ni "tu".

Nitaeleza siku moja ya msimu wa karafuu karibu na Wete, katika nyumba niliyolala. Wanaume walipanda mikarafuu tangu asubuhi, kazi ya hatari ambayo haidharauliki, maana kila msimu huwa na habari za walioanguka. Magharibi magunia yalifika uani. Baada ya kula, taa iliwekwa katikati, na mama, binti zake wawili, bibi na watoto wa jirani wakakaa kulizunguka lile fungu na kuanza kuchambua: unashika kishada kwa mkono mmoja, unakisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaangukia huku na makonyo yanatupwa kule. Vidole hugeuka vyeusi na harufu haitoki kwa sabuni. Walimaliza saa sita za usiku. Alfajiri mama alikuwa wa kwanza kutandaza majamvi, na mchana wingu lilipojikusanya ni yeye aliyeacha chungu jikoni akakimbia kuyakunja, kwa sababu karafuu ikinyeshewa hupoteza rangi na daraja. Kazi hiyo ilirudiwa siku kadhaa mpaka zikakauka.

Siku ya kuuza, mume alikwenda kituoni na gunia, akapimiwa na akapokea fedha. Jioni nilimuuliza mama kazi yake ni nini, akanijibu, "Mimi niko nyumbani tu."

Ukiitoa ile kazi ya usiku na ya majamvini, zinabaki karafuu mbichi kwenye vishada, ambazo zitaoza kabla ya mnunuzi kuziona. Fedha ile ilikuwa ya watu wawili ikaingia mfuko mmoja. Sisemi kwamba mume alikuwa mwizi. Alinunua mchele, daftari za watoto na vitenge viwili. Lakini yeye ndiye aliyeamua, na mama alishukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Mbona wakulima wa mwani wanajitegemea? Si dalili kwamba tatizo limekwisha?

Mwani ulianza kulimwa kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kisha ukaenea mpaka Pemba, na tangu mwanzo waliozama katika kazi hiyo kwa wingi ni wanawake. Wakati wa bamvua maji yanapotoka, utawaona wameinama, wamefunga kanga kiunoni, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizokazwa kati ya vijiti. Fedha ya kwanza ya mwani ilijenga vyumba, ilinunua makabati na kulipia ada za skuli katika vijiji kama Paje na Jambiani, na wazee wa huko wanakumbuka kelele za waume waliosema kwamba wake zao wamepata kiburi.

Tatizo limehama. Aina yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imepata joto. Inastawi zaidi kwenye maji ya kina, na huko kunahitajika chombo na kujua kuogelea. Chombo ni cha mwanamume, na msichana wa pwani, aliyezaliwa hatua mia moja kutoka baharini, hakufundishwa kuogelea kwa sababu "si heshima". Dhana iliyoonekana kuwa ya adabu tu, miaka thelathini baadaye imekuwa hesabu ya kilo na shilingi. Hivi ndivyo dhana potofu zinavyofanya kazi. Hazimzuii mtu siku anapoambiwa, humngoja mbele. Wapo waliojipanga upya kwa kutengeneza sabuni ya mwani na kuwauzia wageni, na wapo wanaojifunza kuogelea wakiwa na wajukuu.

Nikiachwa, nina haki katika nyumba tuliyoijenga pamoja?

Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara haitumiki Zanzibar, kwa hiyo usitegemee unayoyasikia kwenye redio za Bara. Kwa ndoa za Kiislamu, mamlaka ni ya mahakama ya kadhi, na Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mgawano wa mali pale ambapo mchango halisi wa mdai umethibitishwa. Kabla ya hapo, wanawake wengi walitoka na sanduku la nguo na mtoto mgongoni.

Ugumu uko katika neno "umethibitishwa". Mke hununua saruji kwa fedha ya upatu, lakini risiti huandikwa jina la mume kwa sababu ndiye aliyekwenda dukani. Mwanamke mmoja niliyemsindikiza alikuja na daftari la skuli la mwanawe. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu za kujumlisha, na za nyuma zilikuwa na mwandiko wake: mifuko minane, tarehe, bati kumi na mbili, tarehe, fundi, fedha ya upatu wa Mfunguo Mosi. Daftari lile lilikuwa na mafuta ya taa pembeni, na lilifaa kuliko mashahidi wanne waliokuja kusema kwamba "kila mtu anajua". Basi andika. Mume mwema hatachukia, na nyumba ikidumu daftari litakuwa la kuwachekesha wajukuu.

Je, dhana hizi zinawaumiza wanaume pia?

Zinawaumiza, na hili husemwa kidogo mno. Mvulana hufundishwa asilie, asiseme ameshindwa, asiombe msaada. Anapofika umri wa kuoa bila kazi huona afadhali akimbilie Bara kuliko kusema barazani kwamba hana mahari. Mume anayefua nguo za mkewe mgonjwa huambiwa amelishwa limbwata.

Nenda Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe, jioni yoyote uone upuuzi wenyewe. Wanaosukuma unga wa Zanzibar pizza, wanaochoma mishikaki na kukata pweza, wote ni wanaume, wamevaa aproni na kofia ndefu, hodari na wenye fahari. Biriani la harusi, la masufuria yasiyobebeka, ni kazi ya mpishi mwanamume. Baadhi yao wakirudi nyumbani hawawezi kujichemshia chai. Kumbe hoja haikuwa jiko, ilikuwa malipo.

Viti maalumu vya wanawake ni upendeleo?

Katiba ya Zanzibar ya 1984, baada ya marekebisho ya 2010, inataka wawakilishi wanawake wa viti maalumu wawe sawa na asilimia 40 ya idadi ya majimbo ya uchaguzi. Hupatikana kupitia vyama vyao. Ni upendeleo wa makusudi wa kusawazisha upendeleo wa kale usioandikwa, na mimi nauunga mkono, ila kwa jicho wazi. Katika vijiji nimesikia wagombea wanawake wa majimbo wakiambiwa, "Nyinyi mna viti vyenu, tuachieni hivi." Yaani ngazi imegeuzwa kuwa uzio.

Rais ni mwanamke na ni Mzanzibari. Bado mnalalamika nini?

Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1960, ni Rais wa Jamhuri ya Muungano tangu tarehe 19 Machi 2021, na wasichana wa Makunduchi wana haki ya kutembea kifua mbele. Ila Rais hagawi shamba la baba yako.

Msichana akipata mimba akiwa skuli, mambo yake yamekwisha?

Hapana. Zanzibar iliwaruhusu wasichana kurudi skuli baada ya kujifungua miaka mingi kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo mwezi Novemba 2021. Na Sheria ya Mtoto ya 2011 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Tumetoka mbali: sheria ya 1985 ilimfanya mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba kuwa mkosaji wa kufungwa jela, mpaka ilipofutwa mwaka 2005. Wazazi wengi bado wanaishi katika sheria ile iliyofutwa, wakimficha binti chumba cha nyuma. Mkaribisheni sebuleni, kisha muende kwa mwalimu mkuu.

Kwa nini kesi za udhalilishaji wa kijinsia hupotea njiani?

Kwa neno moja: muhali. Mzanzibari anaona aibu kumshitaki jirani, mkwe, binamu wa mume au mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewasomesha watoto wote wa mtaa. Wazee hukutana, fedha hupita mkono kwa mkono, na husemwa kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo ni ya uwongo katika jambo hili. Linalokujua ndilo linalojua saa mtoto anayorudi kutoka chuoni, na linajua kwamba hamtasema.

Mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji ipo tangu 2021, lakini hakimu hawezi kuhukumu faili ambalo shahidi wake mkuu ameacha kuja. Nimeketi katika benchi nikamsubiri mama mmoja aliyeniahidi kufika saa tatu. Saa tano alinipigia simu akasema kwamba "tumeshayamaliza nyumbani". Mwanawe alikuwa na miaka tisa. Sikumkasirikia kama nilivyojikasirikia, kwa sababu sikuwa nimemuuliza nani anamlipia mahitaji ya nyumba, na jibu lilikuwa kwamba ni kaka wa mtuhumiwa.

Likitokea, mtoto asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Zitiwe katika mfuko wa karatasi au kanga kavu, na apelekwe siku hiyo hiyo katika kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo hospitalini, kama Mnazi Mmoja au Chake Chake. Huko mtoto hutibiwa, na habari zake zikachukuliwa bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Sheha, kiongozi wa shehia, anaweza kuarifiwa, lakini sheha si mahakama, na suluhu yake katika jambo hili haina nguvu yoyote.

Nianzie wapi nyumbani kwangu?

Anza na watoto, kwa kuwa kwao ni rahisi. Wakirudi chuoni saa kumi na mbili, angalia nani anaambiwa akachote maji na nani anaambiwa apumzike kwa vile amechoka. Wote wawili wametoka mahali pamoja na wamesoma juzuu moja. Mpe kaka ndoo Jumamosi na Jumatatu, na mpe dada siku hizo arudie somo lake la hesabu. Bibi atanung'unika kwa wiki mbili hivi.